Sosiolojia ya Egzetat: tukae na finalisti wetu



Mwezi wa tano umefika, na katika nyumba nyingi za Butembo na Beni kuna mtoto mmoja asiyelala vizuri. Anaamka saa kumi ya usiku, anawasha tochi ya simu, anasema peke yake kwa Kifaransa. Ni finalisti. Anangojea Egzetat, mtihani wa Serikali ambao ulianzishwa mwaka wa 1967 na ambao bila diploma yake mlango wa chuo kikuu haufunguki.

Wengi kati yenu mnatuuliza: sisi ambao hatukusoma sana, tutamsaidia namna gani? Kwa hesabu na fizikia, tukubali, tutampa chai na mahali pa kukaa. Lakini kuna somo moja ambalo mama anaweza kusaidia hata kama hajawahi kushika biki. Ni sosiolojia. Maswali yake yanakuja siku ya kultire jenerali, pamoja na historia, jiografia na elimu ya uraia. Watoto wanalidharau. Wanasema ni somo la kukariri usiku mmoja, halafu wanapoteza pointi hapo hapo.

Wanazipoteza kwa sababu mtihani huu hauombi maelezo. Unaomba kuchagua jibu moja kati ya mengi yanayofanana. Mtoto anaona « famille », « lignage », « clan », « ethnie », vyote mstari mmoja. Aliyekariri maneno matupu anachanganyikiwa. Anayejua kitu chenyewe anachagua na kupita. Na kitu chenyewe ni sisi: ni jamaa yetu, ndoa zetu, mahari, soko, vilio vyetu.

Chukua hilo la ukoo. Mwambie mtoto ahesabu: baba yako ni nani, baba ya baba ni nani, na juu yake? Mpaka anapoweza kutaja majina na kuonyesha njia, hapo ni « lignage ». Pale ambapo watu wanasema « sisi ni wa babu mmoja » lakini hakuna anayeweza tena kuonyesha njia, hapo ni « clan ». Kisha watu wa koo nyingi wenye lugha moja na desturi moja, hao ni « ethnie ». Baswagha, Bashu, Batangi na Bamate nao wana mahali pao katika hesabu hiyo, na mtoto aangalie kaye yake inawaita nini, kwa kuwa walimu hawatumii wote neno moja. Siku ya mtihani afuate kaye, asifuate mabishano ya wazee.

Sisi Wanande, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mtoto wa Butembo anaweza kudhani dunia yote iko hivyo. Mwambieni kwamba kule magharibi ya nchi, kwa Wakongo, mtoto anahesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Swali la « patrilinéaire » na « matrilinéaire » halitamshinda tena.

Kwa ndoa, mama ni profesa kamili. Desturi ya kuoa nje ya ukoo wako inaitwa « exogamie ». Mume mmoja na wake wengi ni « polygynie ». Mke mmoja na waume wengi ni « polyandrie ». Na « polygamie » ni jina linalofunika yote mawili. Mtego uko hapo, kwa sababu mitaani tunasema poligamia tukifikiri wake wengi tu. Mjane akichukuliwa na ndugu ya marehemu, hiyo ni « lévirat ». Wajane walio katika vikundi vyetu wanajua neno hili lina uzito gani, na si lazima mtu alipende ili kulijua. Mtihani unauliza jina la desturi, hauulizi maoni. Maoni tuyaweke hapa nyumbani, na msichana ayasikie: Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inadai miaka 18 kamili kwa ndoa, kwa mvulana na kwa msichana. Mbuzi za mahari hazibadilishi umri huo.

Kuna neno moja linalotisha watoto wote: « fait social ». Aliyelieleza ni Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu cha mwaka wa 1895. Anasema kuna namna za kutenda, za kufikiri na za kusikia ambazo zinatoka nje ya mtu na zinamlazimisha. Finalisti anakariri sentensi hiyo kama sala na haelewi kitu. Basi mwulize: kwa nini jirani yetu anaitwa Kambale? Atasema: ni mvulana wa pili. Na Kasereka? Wa tatu. Kakule? Wa nne. Nani aliamua? Si baba, si mama, si padri. Tulizaliwa tukakuta iko hivyo, na anayemwita mvulana wake wa pili Kakule atachekwa na mtaa mzima. Hata ng'ambo ya mpaka, kwa Bakonzo wa Uganda, utakuta Bwambale na Masereka kwa hesabu hiyo hiyo. Hiyo ndiyo « fait social »: ilikuwapo kabla yako, iko nje yako, inakulazimisha. Mtoto aliyeelewa kwa jina la jirani yake hatasahau.

Kwa majina ya wataalamu tusikae sana. Auguste Comte, ambaye alilitia neno « sociologie » katika maandishi yake mwaka wa 1839, ndiye watoto wanayemtaja kama baba wa somo. Lakini ni vizuri wajue pia kwamba Mwafrika mmoja, Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332, aliandika juu ya vikundi vya watu na nguvu inayowaunganisha, karne nyingi kabla ya Comte. Mjerumani Ferdinand Tönnies, mwaka wa 1887, alitofautisha watu wanaounganishwa na damu na ujirani, na wale wanaounganishwa na mapatano na faida. Hapa tena mwite mtoto aangalie likirimba ya mama yake. Tumekutana kwa sababu ya pesa, tuna kanuni, tuna katibu, asiyelipa anatozwa. Lakini mmoja wetu akifiwa, wote tunalala pale kwenye kilio. Je, kikundi chetu ni cha upande gani? Muache abishane na wenzake. Akibishana saa moja juu ya likirimba, amejifunza ukurasa mzima.

Na mabadiliko ya jamii, ambayo kaye inayaeleza kwa maneno makavu, sisi tuliyaishi. Toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2.287 katika sehemu zetu na Ituri. Kulikuwa na dawa, kulikuwa na chanjo, na bado watu walikimbia timu za afya. Kwa nini? Kwa sababu kumwosha marehemu na kumgusa kwa mara ya mwisho ni deni, na mtu akija na mfuko wa plastiki anakuvunjia deni hilo mbele ya ukoo. Pale wazee, mapadri, wachungaji na wamama wa mitaa walipoingizwa katika mazungumzo, mambo yalilegea. Desturi, kanuni, mamlaka, uvumi, kuaminiana: karibu kila neno la kaye lilitembea katika barabara za Beni miaka ile miwili. Mtoto alikuwa mdogo. Mwelezee.

Neno moja tusiliruke, kwa sababu hapa kwetu linaweza kumwaga damu: tofauti ya kabila na ukabila. Kuwa na kabila si kosa. Ni kama kuwa na jina. Ukabila ni kumhukumu mtu kwa kabila lake kabla hajafungua kinywa. Kama mtoto anaandika jibu sahihi la « tribalisme » asubuhi, na jioni anasikia mezani petu kwamba watu wa upande fulani wote ni wabaya, atajua kwamba masomo ni ya mtihani tu.

Sasa namna ya kufanya. Jioni, wakati tunachagua maharagwe au tunatwanga sombe, mtoto akae karibu na kaye. Nusu saa inatosha. Asome neno moja, aliseme kwa Kinande au kwa Kiswahili, atoe mfano wa mtaa, kisha alirudie kwa Kifaransa kama lilivyo katika kaye. Kama wewe mama hujaelewa, usione haya; maana yake ni kwamba yeye ndiye hajaelewa. Mwambie aanze tena. Siku za mwisho wa juma akutane na wenzake wanne au watano, wachukue maswali ya miaka iliyopita, wajibu kwa saa, wasahihishane. Wasiwe ishirini. Ishirini ni sherehe.

Tuna jambo lingine, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Mauaji yalianza huku Beni mwezi wa kumi 2014. Finalisti wa leo walikuwa watoto wadogo. Wamesoma shule yao yote wakikimbia. Wapo waliotoka Eringeti, Oicha, Mamove. Wapo waliotoka kusini ya Lubero, walipoanguka Kanyabayonga na Kirumba mwaka wa 2024. Walifika na nguo za mwili. Kaye zilibaki.

Wengi wako katika nyumba zetu. Na tuseme ukweli kama wamama: katika nyumba nyingi, msichana wa mkimbizi ndiye anayechota maji, ndiye anayepeleka bidoni ya mafuta sokoni, ndiye anayebaki na mtoto mchanga, wakati binti wa nyumba anarudilia masomo. Hatumfanyii kwa ubaya. Tumemkaribisha, tunamlisha, na yeye mwenyewe anaona haya kukaa tu. Lakini wote wawili wataketi mbele ya maswali yale yale, siku nne zile zile. Kuanzia leo mpaka Egzetat kazi za nyumba zigawanywe kwa saa, na wavulana nao wachote maji. Bidoni haijui jinsia. Na kile kikao cha jioni cha maharagwe, wakae wote wawili na kaye moja. Yule aliyetoka kijijini mara nyingi anajua mambo ya ukoo na ya kilio kuliko mwenzake wa mjini, na utashangaa ni nani anamfundisha nani.

Kwa wale wanaozunguka na simu wakiuza « majibu » usiku wa mtihani: msitoe hata franka moja. Mara nyingi ni uongo, na mtoto anaacha alichojua mwenyewe anafuata uongo huo. Na hata kama si uongo, ni pesa ya chakula cha siku nne. Mtoto ale asubuhi, aondoke mapema, awe na biki mbili.

Sosiolojia ni kaye nyembamba, na hii ni bahati. Mama aliye na kaye iliyo kamili, ya mwaka huu au ya mkubwa wake aliyemaliza, ailete kwenye mkutano wa Jumamosi. Tutapiga kopi kwa pesa ya kikundi, na hesabu itasomwa mbele ya wote kama kawaida. Kopi za kwanza ni za watoto waliokimbia. Kila kikundi cha mtaa kituletee idadi ya finalisti wake kabla ya Ijumaa, na wale wanaokaa kwa watu wahesabiwe pia, hata kama hakuna aliyewataja.