Mtumishi wa Kulea Mtoto: Kuuliza Si Dhana Mbaya, na Kujibu Si Kusengenya

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake.

Miongoni mwa masuala yanayotufikia kwa wingi kutoka Unguja na Pemba ni hili: familia inataka mtumishi wa kubaki na mtoto wakati baba na mama wapo kazini. Je, inafaa kumchunguza? Na yule aliyewahi kukaa naye akiulizwa, aseme anayoyajua au amsitiri? Sisi tunaliona suala la pili kuwa ndilo zito zaidi, kwani hapo ndipo uchunguzi wetu unapovunjika.

Hali ilivyobadilika

Zamani aliyeletwa kulea mtoto alikuwa binti wa shangazi kutoka shamba, au mtoto wa jirani ambaye ukoo wake unajulikana. Khabari zake zilifika nyumbani kabla yake. Leo sivyo. Kwa mujibu wa sensa, Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na mwaka 2022 walifikia 1,889,773. Mitaa mipya imeota pembezoni mwa mji na jirani hamjui jirani. Akina mama wengi wapo maofisini, mahotelini na katika biashara. Mtumishi anashuka bandarini kutoka Bara, ameletwa na dalali aliyepatikana kwa simu, na familia inachokijua ni jina moja na namba. Kesho yake anaachiwa mtoto asiyejua hata kusema.

Hatusemi haya kuwatia dosari ndugu zetu wa Bara. Wengi wao ni waaminifu, na wapo wenyeji waliowadhuru watoto wa damu yao wenyewe. Tunachosema ni kwamba ujuzi uliokuwa ukija wenyewe kwa kujuana, leo lazima utafutwe.

Hukumu ya kuuliza

Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amuajiri Nabii Musa ('alayhis salaam), alimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Wafasiri wamepokea kuwa baba hakuridhika na sifa tupu. Alimuuliza binti yake amezijuaje, naye akaeleza aliyoyaona kwa macho yake: namna alivyoliondoa jiwe la kisima, na namna alivyomtaka atembee nyuma yake kwa kuchunga heshima. Basi ikiwa mzee yule aliulizia ushahidi kwa ajili ya kazi ya kuchunga wanyama, vipi sisi tuone haya kuuliza kwa ajili ya mtoto?

Lakini kuuliza si kupeleleza, na Suratul-Hujuraat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Kumuulizia mtu kabla ya kumkabidhi amana ni wajibu wa mzazi. Kupekua mkoba wake au kusoma simu yake kwa siri si katika wajibu huo.

Hukumu ya kujibu

Mama anampigia simu mwajiri wa zamani, naye anajibu: "Alhamdulillah, hana neno." Kumbe alimuondoa kwa sababu alikuwa akimpa mtoto dawa ya kikohozi ili alale, au alimkuta akimpiga. Akiulizwa baadaye kwa nini hakusema, hujibu kuwa aliogopa kusengenya.

Hii ni sitara iliyowekwa pasipo mahali pake. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Fatima bint Qays (Radhiya Allahu 'anha) alipochumbiwa na Mu'awiya na Abu Jahm, alikwenda kutaka ushauri kwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Alimueleza waziwazi kasoro ya kila mmoja: huyu hana mali, na yule ni mwepesi wa fimbo. Imam an-Nawawi katika Riyadhus-Swalihin ameorodhesha sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa kasoro yake, na mojawapo ni kutahadharisha na kutoa nasaha kwa mwenye kushauriana juu ya ndoa, ushirika, kuweka amana au ujirani. Na ni amana gani iliyo kubwa kuliko mtoto?

Kwa hivyo anayeulizwa na akaficha madhara anayoyajua, amemkhini aliyemuuliza. Mipaka nayo ipo. Aseme aliyoyaona, si aliyoyasikia. Aseme yanayohusu kazi, aache yasiyohusu. Amwambie aliyeuliza, asiyatangaze katika makundi ya WhatsApp. Na anayemzushia binti wizi kwa sababu tu aliacha kazi bila ya ruhusa, huyo amebeba dhulma na atajibu mbele ya Allah.

Karatasi na kamera

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa anakotoka, na kutambulishwa kwa sheha ni mambo ya lazima. Anayeweza kupata hati ya polisi ya kuonesha kuwa mtu hana rekodi ya uhalifu, na aipate. Lakini hati hiyo inaonesha yaliyofika kwenye sheria tu. Jambo lililomalizwa kwa suluhu baina ya familia haliachi alama popote ila vifuani mwa watu. Ndiyo maana ulimi wa mwajiri wa zamani unabaki kuwa hati kubwa zaidi.

Kamera nayo ina mpaka wake. Mwaka 2014 mjini Kampala, Uganda, baba mmoja aliweka kamera ya siri nyumbani, ikamnasa mtumishi akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Picha zile zilienea duniani, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 4. Kamera ilitoa ushahidi, lakini mtoto alikuwa ameshaumia. Anayetaka kuiweka, aiweke sebuleni na amjulishe mtumishi. Chumbani kwake na chooni ni haramu.

Haki ya mtumishi

Naye ana haki ya kuijua nyumba anayoingia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Basi asiulizwe jina tu, aulizwe na umri, kwani binti wa miaka 13 anahitaji kulelewa na hafai kubebeshwa ulezi. Kitambulisho chake kisifungiwe kabatini, mshahara usicheleweshwe, na asiachwe faragha na mwanamme wa nyumba asiye maharimu wake.

Nasaha yetu ni hii: mpigie simu mwajiri wa zamani, na mwingine kabla yake. Usiulize "yukoje?", uliza "kwa nini aliondoka?" na "ungemrejeshea mwanao?" Kaa naye siku kadhaa kabla ya kumuacha peke yake na mtoto. Ukiona dalili ya madhara, nenda Dawati la Jinsia la Polisi au Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Usimuondoe kimya kimya akahamia nyumba ya pili.

Tunamuomba Allah Awahifadhi watoto wetu na wanaowalea.

Wa-Allahu a'lam.