UCHAMBUZI: Kampuni changa, mshahara duni na ahadi ya hisa

MTAALAMU wa programu za kompyuta mwenye tajriba ya miaka 10 anayeishi Junda, katika eneobunge la Kisauni, anapoomba kazi kwenye kampuni changa ya teknolojia, huenda akakumbana na jambo la kushangaza. Kampuni itausifu ujuzi wake, itakiri kwamba inamhitaji mno, kisha itamtajia mshahara usiofikia nusu ya ule ambao angelipwa na benki au kampuni ya simu.

Wengi huichukulia hali hii kuwa ubahili wa waasisi. Ubahili upo, lakini si kiini cha jambo. Kampuni changa kwa kawaida haina mapato ya kutosha kujiendesha. Hutegemea fedha za wawekezaji, nazo zina mwisho. Kila shilingi ya mshahara huusogeza mwisho huo karibu.

Chukulia, kwa mfano, kampuni iliyopata mtaji wa Sh13 milioni. Ikiwaajiri wataalamu watano kwa Sh300,000 kila mmoja, itatumia Sh1.5 milioni kwa mwezi, na hazina itakauka kabla ya miezi tisa kutimia. Ikiwalipa Sh120,000, fedha hizo hizo zitadumu kwa zaidi ya miezi 21, kabla ya kuhesabu kodi ya ofisi na gharama nyinginezo.

Tofauti hiyo ya mwaka mzima ndiyo huamua iwapo kampuni itapata wateja au itafunga milango. Baada ya Marekani kuanza kupandisha viwango vya riba mnamo Machi 2022, wawekezaji wa kimataifa walibana mifuko, na athari zikafika Kenya. Kampuni ya vyakula ya Kune ilifungwa mwaka huo huo wa 2022, ile ya usafirishaji ya Sendy ikafuata 2023, nayo Copia ikawekwa chini ya wasimamizi mnamo Mei 2024. Kwa mwasisi aliyeshuhudia hayo, muda ni uhai.

Ili kuziba pengo la mshahara, mtaalamu huahidiwa hisa. Huelezwa kwamba padogo pako si pakubwa pa mwenzako, na kwamba leo anajinyima ili kesho avune. Wapo waliovuna kweli: wafanyakazi wa mwanzo wa Microsoft walitajirika baada ya kampuni hiyo kuingia katika soko la hisa mwaka 1986, na wale wa Google baada ya 2004.

Hata hivyo, hesabu inahitaji utulivu. Anayeacha Sh180,000 kila mwezi kwa miaka miwili huwa amejinyima Sh4.32 milioni. Akipewa asilimia moja ya kampuni, lazima kampuni hiyo ifikie thamani ya Sh432 milioni ndipo arejeshe alichopoteza, bila faida yoyote.

Isitoshe, kila mwekezaji mpya anapoingia na hisa mpya kutolewa, ile asilimia moja hupungua. Aidha, mikataba mingi ya uwekezaji humpa mwekezaji haki ya kurudishiwa fedha zake kwanza kampuni inapouzwa. Mfanyakazi husubiri mwisho wa foleni, na kampuni ikifungwa, hisa zake hubaki karatasi tupu.

Sababu ya pili ni kwamba tajriba haionekani kwa macho. Programu iliyoundwa na kijana aliyehitimu jana na ile ya mkongwe huweza kufanana siku ya kuzinduliwa. Tofauti hujitokeza wateja maelfu wanapolipa kwa wakati mmoja, malipo ya M-Pesa yanapoandikwa mara mbili, au mhalifu anapojaribu kuiba taarifa. Mwasisi ambaye hajapitia masaibu hayo huona hana sababu ya kulipia kinga yake.

Tatu ni soko lenyewe la Mombasa. Uchumi wa kaunti umeegemea bandari, uchukuzi na hoteli, na waajiri wanaoshindania waundaji wa programu ni wachache. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa huleta wahitimu wapya sokoni, na tangu 2016 kituo cha SwahiliPot kimekuwa kikiwalea vijana wa ubunifu na teknolojia. Lakini Microsoft ilipofungua kituo chake cha uundaji programu nchini mwaka 2019, na Google ilipotangaza chake mwaka 2022, vyote vilikwenda Nairobi. Asiyetaka kuiacha familia yake Junda hubaki na nguvu ndogo ya kudai zaidi.

Kinaya ni kwamba nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilimfungulia mtaalamu huyo huyo mlango wa waajiri wa ng’ambo. Akipata kazi ya mbali inayolipa vyema, huondoka kampuni ikiwa katikati ya safari, na ujuzi aliokuwa nao kichwani huondoka naye. Hapo nafuu ya mshahara hugeuka hasara.

Lililo zito zaidi ni swali la nani anaweza kumudu malipo hayo. Mwenye nyumba wa Junda hapokei hisa, wala karo hailipwi kwa ahadi. Anayeweza kusubiri miaka mitano ni yule mwenye akiba au jamaa wa kumtegemeza. Kwa hiyo mshahara duni huwachuja watu kwa uwezo wa mifuko yao wala si kwa ujuzi wao, na mtoto wa maskini aliyejifunza kwa taabu huwa wa kwanza kufungiwa nje.

Ukweli ni kwamba anayekubali nusu ya mshahara anaikopesha kampuni nusu ya pili. Yeye ni mwekezaji, na anastahili majibu ambayo mwekezaji hupewa: fedha zilizopo zitadumu miezi mingapi, hisa zake ni asilimia ngapi ya kampuni nzima, zitakuwa zake lini, na nani atalipwa kabla yake.

Sheria inampa pa kuanzia. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mshahara ulipwe kwa sarafu ya Kenya. Nayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliahirisha ushuru wa hisa ambazo wafanyakazi hupewa na kampuni changa zinazotimiza masharti, ili wasitozwe kwa mali ambayo bado hawajaigusa.

Kampuni nazo zina njia ya katikati. Isiyoweza kumlipa mkongwe kwa mwezi mzima inaweza kumlipa bei yake halali kwa siku mbili za wiki, awaongoze vijana na kukagua kazi yao.

Ahadi ni deni, na deni huandikwa. Mwasisi anayeamini kwa dhati kwamba hisa zake zitakuwa na thamani hana sababu ya kukwepa kalamu.