Si pepo, si utundu



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na inaniuma kuona mtoto mgonjwa akichapwa. Aliyekuwa na mwandiko mzuri anaanza kuangusha kalamu, uso unajikunja, mikono inarukaruka bila yeye kutaka; akilala, hutulia. Nyumbani wanasema ana pepo. Huenda ni ugonjwa uitwao korea ya Sydenham, unaowapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, wasichana zaidi, wiki au miezi kadhaa baada ya koo kuambukizwa bakteria wa streptokoki. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia ubongo.

Mitikisiko hiyo kwa kawaida huisha, na zipo dawa za kuipunguza. Hofu yangu ni moyo, kwa kuwa korea hii ni dalili ya homa ya baridi yabisi, na homa hiyohiyo huharibu vali zake. Ndiyo maana mtoto huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Wazazi, msiiache sindano hiyo hata mikono ikitulia. Zahanati zetu nazo zisikose dawa hiyo.

Walimu wenzangu, kabla ya fimbo, mwambieni mtoto atoe ulimi na auache nje. Ukirudi ndani wenyewe kila mara, mpelekeni hospitali.

Mwalimu, Tanga