Anayezuia Tope Analipwa Nini?

Wanachama wenzetu na walimu wetu, safu hii huangalia kazi wanazofanya Waswahili wa ughaibuni na maneno tunayozitajia. Toleo hili tumechagua kazi ambayo kila mkazi wa Brampton ameiona, hata kama hajui kuwa ni taaluma: kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ukipita penye kiwanja kinachojengwa nyumba mpya, utaona uzio mfupi wa kitambaa cheusi umezungushwa ukingoni. Uzio ule haukuwekwa kuzuia wezi. Unazuia tope lisiteremke kijitoni mvua ikinyesha au theluji ikiyeyuka. Kuna aliyeuchora kwenye karatasi, aliyeuchimbia chini, na anayekuja kuukagua. Swali letu ni moja: watu hawa ni akina nani, na kila mmoja anapata nini?

Brampton ina sababu ya kuijali kazi hii. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 656,480, na zaidi ya nusu yao walizaliwa nje ya Kanada. Mji unaokua hivyo huchimba ardhi kila msimu, na udongo ukishavuliwa nyasi hauna tena cha kuushika. Mvua moja kubwa huuchukua hadi kwenye vijito vya Etobicoke na Fletchers, na kwenye mito ya Credit na Humber. Kijito cha Fletchers ni makao ya redside dace, samaki mdogo aliye hatarini kutoweka. Samaki huyu huruka juu ya maji kudaka wadudu, kwa hiyo anahitaji maji maangavu ili aone. Tope likiingia, hukosa chakula.

Wazee wa mji huu waliyajua maji yakikasirika. Mwezi Machi 1948 kijito cha Etobicoke kilifurika hadi katikati ya Brampton, na baada ya hapo mji ukajenga mfereji wa zege wa kukichepusha, uliokamilika mwaka 1952. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1954, kimbunga Hazel kiliua watu 81 Ontario. Sheria ya Mamlaka za Uhifadhi ilikuwapo tangu 1946, lakini ni baada ya Hazel ndipo mamlaka ya eneo la Toronto, ambayo leo tunaijua kwa herufi TRCA, ilipoundwa mwaka 1957. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Brampton ilijenga ukuta kwanza, kisha ikajifunza kuziba nyufa. Kuziba nyufa ndiko kulikozaa taaluma tunayoizungumzia.

Sasa tuingie kwa wafanyakazi. Anayetaka kujua idadi yao, jinsia yao na asili yao hukwama mapema. Mfumo wa taifa wa kuainisha kazi hauna kundi la wazuiaji mmomonyoko peke yao. Mhandisi anayesanifu huhesabiwa na wahandisi wa ujenzi. Mkaguzi mara nyingi huhesabiwa na mafundi sanifu. Anayechimba mtaro na kupigilia vigingi huhesabiwa na vibarua wa ujenzi au wa bustani. Vyama vya taaluma hufanya tafiti za mishahara, lakini huwauliza wanachama wao, na mwanachama ni mtu mwenye cheti na ada ya kulipa. Kwa hiyo mtu akitangaza kuwa mzuiaji mmomonyoko wa kawaida analipwa kiasi fulani, tumuulize kwanza: ulimhesabu aliyeshika koleo?

Juu ya ngazi kuna vyeti. CPESC ni cheti cha mtaalamu anayetayarisha mipango, na CISEC ni cha mkaguzi wa viwanja. Vyote viwili vinadai mtihani na uzoefu wa kazini. Mwenye cheti hulipwa mshahara, aghalabu wa mwaka mzima. Chini ya ngazi yuko anayelipwa kwa saa. Tuchukue mwaka 2024 tupime umbali. Kima cha chini cha Ontario kilikuwa dola 17.20 kwa saa tangu Oktoba mwaka huo. Mtandao unaopiga hesabu ya ujira wa kuishi Ontario ulisema mtu wa Toronto na miji jirani, Brampton ikiwemo, alihitaji dola 26.00. Pengo ni dola 8.80 kwa saa, yaani dola 352 kwa wiki ya saa 40. Kima kilipanda hadi 17.60 Oktoba 2025, ila senti 40 haziwezi kuziba pengo la namna hiyo.

Hatusemi kwamba kila anayepigilia vigingi hulipwa kima cha chini. Walio katika vyama vya wafanyakazi, kama LIUNA tawi la 183, hulipwa kwa mikataba iliyoandikwa, na viwango vyao viko juu zaidi. Lakini anayeletwa kiwanjani na wakala wa vibarua hana mkataba huo. Tena kuna msimu. Ardhi ikiganda, kazi ya koleo hupungua, huku mwenye mshahara akiendelea kuandika ripoti zake ofisini. Ujira wa saa unaweza kuonekana mzuri mwezi wa Julai, na mwaka ukiisha jumla yake ikawa ndogo.

Hapa lugha yetu ina la kutufundisha. Neno kibarua limetokana na barua. Hapo zamani kilikuwa kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake ziandikwe, kisha jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Leo Brampton kuna karatasi za aina mbili: ya mkaguzi humpandisha, na ya kibarua humhesabia saa tu. Wote wawili wanasimama kwenye tope lilelile.

Wengine watatujibu kwamba mkaguzi ana dhamana kubwa zaidi, na sahihi yake inaweza kusimamisha ujenzi. Ni kweli, na hatuoni vibaya alipwe zaidi. Tunachopinga ni dhana kwamba kazi ya mkono haina ujuzi. Uzio wa kitambaa hauzuii chochote ikiwa sehemu yake ya chini haikufukiwa kwenye mtaro na kushindiliwa. Maji hupita chini yake kana kwamba haupo. Anayejua kama umefukiwa sawasawa ni yule aliyeufukia. Mkaguzi anakuja baada ya mvua kuona matokeo.

Hadithi hii hatukuianzia Kanada. Nyumbani Afrika Mashariki, kuzuia mmomonyoko kulianza kama kazi ya shuruti. Murang'a, mwaka 1947 na 1948, wanawake waliokuwa wakichimbishwa matuta kwa amri ya serikali ya kikoloni walikataa kuendelea. Kwenye milima ya Uluguru, mpango wa matuta ulioanza 1950 uliishia katika ghasia za mwaka 1955, ukafutwa. Watu wale walijua thamani ya udongo kuliko bwana shamba yeyote. Walichokataa ni kuambiwa wachimbe bila ujira na bila kuulizwa, huku anayetoa amri akilipwa.

Machakos ilionyesha upande wa pili. Vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, vilichimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao wenyewe, kwa zamu na kwa faida yao. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika mwaka 1994 jinsi watu walivyoongezeka huko na mmomonyoko ukapungua. Fanya juu maana yake unachimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Fanya chini ni kinyume chake. Maneno haya mawili yameingia kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Mhandisi wa Kizungu anayeyataja anazungumza Kiswahili bila kujua. Taaluma ilichukua neno letu na mbinu yetu. Tunauliza tu kama itawachukua na watu wetu, na kwa ngazi ipi.

Tuanze na wanawake. Chama cha Engineers Canada kimejiwekea lengo kwamba kufikia 2030, katika kila wahandisi wapya 100 wanaopewa leseni, 30 wawe wanawake. Bado ni kama 20. Viwanjani, penye koleo na mashine, wanawake ni wachache zaidi. Ontario ina Sheria ya Usawa wa Malipo tangu 1987, inayotaka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa hata kama si kazi zilezile. Ni sheria nzuri, lakini humsaidia mwanamke aliyekwisha kuajiriwa. Yule ambaye hakuitwa kwenye usaili haimfikii. Wajukuu wa wanawake wa Murang'a wanaosoma jiografia na uhandisi hapa wanastahili kuitwa.

Kisha wahamiaji. Kwa miaka mingi mtu alifika na shahada ya kilimo au uhandisi kutoka Morogoro, Juja au Makerere, akaambiwa hana uzoefu wa Kanada. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka mwaka 2013 kwamba sharti hilo ni ubaguzi kwa sura yake. Professional Engineers Ontario, chombo kinachotoa leseni za uhandisi, kiliondoa sharti hilo Mei 2023. Na tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuliweka kwenye tangazo la kazi la hadharani. Zaidi ya hayo, lazima ataje malipo au kiwango chake cha chini na cha juu, na tofauti isizidi dola 50,000 kwa mwaka, isipokuwa kwa kazi za zaidi ya dola 200,000. Aliyefanyiwa usaili lazima apewe jibu ndani ya siku 45.

Sheria hii inagusa moja kwa moja wanachama wetu watakaohitimu mwaka huu. Kwanza, tusome matangazo kwa jicho la mhasibu: kiwango cha chini ndicho wanachokusudia kukupa usipouliza. Pili, tukiyakusanya matangazo hayo tutapata hesabu ambayo mfumo wa taifa hautupi, na klabu inaweza kuifanya kazi hiyo. Tatu, anayeanzia kwenye koleo aandike kila kiwanja, kila tarehe na kila aina ya kizuizi alichoweka, kwa sababu uzoefu unaodaiwa na cheti ndio huo. Nne, kabla ya kukubali kazi ya wakala, tuhakikishe ana leseni. Ontario inaidai tangu Julai 2024.

Walimu wetu nao tunawaomba jambo. Istilahi za taaluma hii kwa Kiswahili zipo nusunusu: mashapo tunayo, makinga maji tunayo, matuta tunayo, lakini uzio ule mweusi kila mtu anauita kwa jina lake. Mgeni wa Brampton anayefundishwa usalama wa kiwanjani kwa lugha asiyoimudu anaweza kuumia, na asiyejua jina la kazi yake hawezi kuidai bei yake. Tuketi pamoja muhula huu tuyatafute majina hayo.