Mazungumzo ya Nyumbani: Darubini ya Kutazamia Nyota

Tumepata barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Mikumi. Asema kwamba nyumba nne zimechanga fedha ili kununua darubini, watoto wao wapate kuzitazama nyota. Katika duka moja wameonyeshwa darubini ndefu ya bomba, yenye kioo cha mbele cha milimita 50, nayo imeandikwa ubavuni kwamba yakuza mara 525, na bei yake si kubwa. Auliza, Je, tuinunue? Sisi twamjibu, La, msiinunue. Na kwa kuwa fedha hizo si za mtu mmoja, imetupasa kueleza sababu, ili mwalimu aweze kuwasomea wenzake ukurasa huu kabla hawajazitoa mkononi.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la kijana, ikiwa gizani, hufunguka yapata milimita 7. Kioo cha mbele chenye upana wa milimita 50 hupokea nuru yapata mara 50 kuliko mboni hiyo, ndiyo maana nyota zisizoonekana kwa macho matupu hutokea. Kukuza ni jambo la pili, nako kuna mpaka wake. Wenye ujuzi huhesabu kwamba kila milimita moja ya upana wa kioo yaweza kuchukua kukuza mara 2, basi. Kwa hiyo darubini ya milimita 50 mwisho wake ni mara 100, tena usiku ukiwa umetulia na vioo vikiwa vyema. Aandikaye 525 hakukosa kugawanya wala kuzidisha. Ametia kioo kidogo mno cha jichoni, akaongeza na kingine cha kuzidisha, hesabu ikatimia. Lakini ni kama kuuongeza maji uji wa kikombe kimoja hata ujae debe. Debe limejaa kweli, bali nani atashiba?

Tena darubini hizo husimama juu ya miguu mitatu myembamba, na upepo mdogo tu huitikisa nyota kama kinyesi cha kinyonga kwenye uzi. Na kwa kuwa dunia yazunguka, kitu kilichokuzwa sana hupita upesi. Kabla hujamwita mtoto wa pili aje kutazama, nyota imekwisha kutoka. Watoto huchoka siku ya tatu, na chombo huenda kulala juu ya kabati.

Kipi kinunuliwe basi? Shauri letu ni darubini ya macho mawili, ile waliyo nayo waongozaji wa wageni katika mbuga ya Mikumi. Juu yake huandikwa tarakimu mbili, kama 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni kukuza, ya pili ni upana wa kila kioo cha mbele kwa milimita. Ile ya 7x50 hutulia zaidi mkononi, nayo yafaa watoto. Ile ya 10x50 huonyesha zaidi kidogo, ila mikono ikitetemeka hutaona raha. Gawanya tarakimu ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa nuru itokayo kwenda jichoni: milimita 7 kwa moja, 5 kwa nyingine. Mboni za sisi tuliopita miaka arobaini hazifunguki tena kama za vijana, kwa hiyo sisi wenyewe twaichagua ile ya 10x50, na kuiegemeza juu ya fimbo ndefu au ukingo wa dirisha. Zile ziwezazo kubadili kukuza kwa kusogeza kitufe, na zile zenye vioo vyekundu vya kung'aa, ziacheni dukani.

Ikiwa ni ya mkono wa pili, isihukumiwe kwa rangi yake. Tikiseni, msikie kama kuna kitu kilicholegea ndani. Tazameni vioo mbele ya taa kama vina ukungu, maana nchi yetu ina unyevu wakati wa masika. Kisha tazameni mti ulio mbali kwa macho yote mawili: ukionekana miti miwili isiyokutana, rudisheni. Chombo cha namna hiyo hakitengenezeki kwa urahisi, nacho huumiza kichwa.

Na mtaona nini? Mwezi, na mashimo yake. Mshtarii na miezi yake minne, ambayo Galileo aliitazama Januari 1610. Egemezeni vizuri tu. Mwezi wa Desemba na Januari jioni, Kilimia, ambacho wazee wetu walikifuata kwa kulima, kitakuwa nyota nyingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu. Mwezi wa Juni, Msalaba wa Kusini. Julai na Agosti, ile njia nyeupe karibu na mkia wa Nge, juu ya vichwa vyetu. Hapo twasema bila kusita kwamba watu wa miji mikubwa ya Ulaya wangetuonea wivu. Pete za Zohali hazitaonekana kwa chombo hiki. Zataka kukuza kama mara 25 au zaidi.

Kwa wanaotaka pete hizo, ziko njia mbili za gharama ya kiasi. Katika mwaka 2009, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, ilitengenezwa darubini ya kuunganisha kwa mkono iitwayo Galileoscope, kioo cha milimita 50, kukuza mara 25, nayo iliuzwa mwanzoni kwa dola 15. Twaitaja ili mjue kwamba chombo kidogo kilichofanywa kwa uaminifu chapita kikubwa cha uongo. Njia ya pili ni ya John Dobson wa Marekani, aliyefariki mwaka 2014. Yeye alitumia bomba la karatasi nene na sanduku la mbao lizungukalo, badala ya miguu ya chuma ya bei kubwa. Kioo cha kupinda hununuliwa. Sanduku, seremala yeyote wa Kilosa aweza kulifanya, akipewa vipimo. Shule yenye fedha kidogo na fundi mwema ianzie hapo.

Vitu vingine havina gharama. Kurunzi ifungwe kitambaa chekundu, ili macho yasipoteze giza, maana huchukua nusu saa kuzoea. Mwenye simu au kompyuta aweza kupata bure programu iitwayo Stellarium, iwaonyeshayo nyota za mahali penu kwa saa mliyo nayo. Mkeka mnao.

Jambo moja hatulisemi kwa upole: darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, hata dakika moja, hata limefunikwa na wingu jembamba. Jicho huungua bila maumivu, wala halirudi. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete kule Rujewa, watu walilitazama kwa miwani iliyofanywa kwa kazi hiyo. Mchana chombo kikae ndani, katika kopo lenye kifuniko, mkononi mwa mtu mmoja aliyechaguliwa na nyumba zote nne.

Ninyi wa Mikumi, tazameni mkiwa uani, wala msitafute giza zaidi kando ya mbuga. Tembo hawana kurunzi. Waanze watoto na mwezi wa siku saba, saa mbili usiku, pale mstari wa nuru na giza unapokata katikati, maana huko ndiko vivuli vya milima yake huonekana virefu.