Saa Tatu ya Mombasa Si Saa Tatu ya Kigali

Siku hizi pesa hutoka Mombasa zikafika Kigali kwa dakika chache tu. Lakini neno dogo kama "nitumie kabla ya saa tatu" linaweza kuwakosanisha watu wawili wanaofanya biashara vizuri kabisa. Maoni yangu ni haya: ukimtumia mtu pesa nje ya nchi, saa yake ni muhimu sawa na nambari yake ya simu.

Kenya iko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Mombasa ikiwa saa tatu asubuhi, Kigali ni saa mbili. Lori la mizigo likitoka bandarini, likavuka Malaba na kuingia Uganda, saa ni ile ile. Inabadilika Gatuna, likiingia Rwanda, na simu ya dereva inajirudisha nyuma yenyewe. Aliyebaki Mombasa hana habari.

Kinachotuchanganya zaidi ni kufanana kwetu. Kinyarwanda kilichukua majina ya saa kutoka Kiswahili: wanasema saa moya, saa mbiri, saa tatu, na saa moya ya asubuhi ni saa moja baada ya kumi na mbili, kama kwetu. Kwa hivyo mfanyabiashara wa Mombasa na mteja wake wa Kigali wakikubaliana saa tatu, kila mmoja ana uhakika ameelewa. Angekuwa mtu wa Lagos, mngeulizana.

Halafu kuna maisha yenyewe. Jua huzama Mombasa karibu dakika 40 kabla ya Kigali, kwa hivyo giza likianza kuingia Kigali, watu wa Mombasa tayari wamekaa kwenye viazi karai na mishikaki. Tangu Januari 2023, kazi za ofisi Rwanda huanza rasmi saa tatu asubuhi. Hapo Mombasa ni saa nne, na wewe umeshapiga simu mara tano ukidhani unapuuzwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, kazi ya jamii ya kitaifa, kuanzia saa mbili hadi saa tano za Kigali. Maduka mengi hufungwa. Pesa zako zitafika, lakini wa kumpa mtu wako noti mkononi huenda asipatikane.

Wengine husema Afrika Mashariki nzima itumie saa moja. Sikubaliani. Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma Februari 2021 na sasa inaenda sawa na Rwanda na Burundi, na Kongo peke yake ina saa mbili tofauti. Jua halifuati jumuiya. Tuzoee tu kuulizana.

Mbona nasisitiza? Kwa sababu wasiwasi wa saa ndio humfanya mtu atume mara mbili. Mpokeaji akikupigia picha ya ujumbe wake, utaona kama pesa zilifika karibu saa nzima kabla hujatuma! Unadhani ni ujumbe wa zamani, unatuma tena. Na matapeli wanajua sana kutumia haraka hiyo: "Tuma sasa hivi, huku wanafunga!"

Basi fanya hivi:

- Taja saa pamoja na mji: "saa tatu ya Kigali." Kwa SMS, andika 09:00, ya Kigali.
- Ongeza Kigali kwenye saa ya dunia iliyo kwa simu yako.
- Weka pesa kwa akaunti mapema. Kigali ikiwa saa tatu usiku, Mombasa ni saa nne, na wakala wako huenda ameshafunga.
- Kabla ya kutuma mara ya pili, linganisha nambari ya muamala, kisha mpigie mwenyewe kwa nambari unayoijua.

Kuuliza "saa tatu ya wapi?" hakugharimu hata shilingi. Muamala wa pili unagharimu.