Mashariki ya Congo: Orodha zimejaa majina, kumpata mtu ni kazi nyingine

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wiki zilizofuata, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji huo, zikiwemo Bulengo na Lushagala, zilibaki tupu. Familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Kalehe, nyingine zikapokelewa na jamaa mjini. Watu walihama, lakini orodha walizoandikishwa kambini hazikuhama nao.

Shirika linapotaka kujua kama mama fulani aliandikishwa tayari, au ndugu anapomtafuta mtoto aliyepotea njiani, swali linarudi kwenye orodha kama hizo. Jibu linategemea jambo ambalo kwa kawaida hujadiliwa na watengeneza programu peke yao: data imehifadhiwa namna gani, na faharasa yake inaanzia wapi.

Hifadhidata inayokubali kila kitu

Mashirika mengi ya misaada hukusanya majina kwa simu, kwa kutumia programu za fomu kama KoboToolbox. Programu hiyo huweka majibu katika hifadhidata mbili, PostgreSQL na MongoDB. Hii ya pili, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya New York, ni hifadhidata ya hati.

Tofauti yake na hifadhidata ya zamani ni rahisi kueleza. Ile ya zamani ni kama daftari kubwa lililopigwa mistari: kila safu ina jina lake, na hakuna anayeandika nje ya safu. Hifadhidata ya hati ni kama rundo la karatasi, kila mtu na yake. Mmoja ana namba ya simu, mwingine hana. Mmoja ameandika watoto watano ndani ya karatasi yake, mwingine hakuulizwa habari za watoto.

Wakati wa dharura hiyo ni faida kubwa. Timu inaweza kuanza kuandikisha asubuhi ileile watu wanapofika, na wiki inayofuata ikaongeza swali kuhusu kipindupindu bila kuvunja kilichoandikwa jana. Lakini uhuru huo una bei, na bei hiyo hulipwa siku ya kutafuta.

Sifuri inayodanganya

Fomu ya kwanza ina kisanduku kinachoitwa «postnom». Fomu ya pili, iliyotengenezwa na mtu mwingine, imekiita «post_nom». Ya tatu imeunganisha majina yote katika kisanduku kimoja. Fomu hizo zikimwagwa pamoja katika MongoDB, zote zinapokelewa bila neno.

Ugumu unaanza mtu anapouliza. Katika hifadhidata yenye safu, ukiuliza safu isiyokuwepo unapata ujumbe wa kosa, na unajua kwamba swali lako ni bovu. Katika hifadhidata ya hati, ukiuliza kisanduku kisichokuwepo hupati kosa. Unapata sifuri. Mfanyakazi aliye mbele ya foleni anasoma kwamba jina halipo, kumbe jina lipo, katika kisanduku kilichoandikwa kwa herufi tofauti. Mama anarudishwa nyumbani bila msaada, na hakuna anayejua kwamba kosa limetokea.

Namba za simu zina mtego uleule. Moja imeandikwa ikianza na 0, nyingine ikianza na +243. Ikihifadhiwa kama hesabu, sifuri ya mbele inapotea. Ikihifadhiwa kama maandishi, inabaki. Kwa MongoDB, hesabu na maandishi ni vitu viwili tofauti, hata kama tarakimu ni zilezile.

Kisha kuna majina yenyewe. Mkongomani ana jina, postnom na prénom, utaratibu uliotokana na siasa ya Mobutu ya authenticité, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbele ya mwandikishaji mwenye haraka, majina hayo matatu hubadilishana nafasi. Kwa Wanande wa Beni na Lubero, majina hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule, Masika, Kahindo, Kavira. Ukitafuta «Kambale» katika orodha ya Butembo, hujamtafuta mtu, umeita nusu ya mtaa. Upande wa Bushi, jina moja laweza kuandikwa Cirhuza hapa na Chiruza pale. Kompyuta haijui kwamba ni mtu yuleyule mpaka mtu aieleze.

Faharasa inafuata swali

Faharasa ndiyo dawa inayotajwa kwanza, na kwa sababu nzuri. Bila faharasa, hifadhidata husoma hati zote, moja baada ya nyingine, ili kurudisha moja. Ikiwepo, inafika kwenye jina kwa hatua chache, kama msomaji anayefungua kurasa za mwisho za kitabu badala ya kukisoma chote. MongoDB ina amri inayoonyesha njia ambayo swali limepita: hati ngapi zimesomwa na ngapi zimerudishwa. Zikisomwa 400,000 ili ipatikane moja, faharasa haipo au haifai.

Lakini faharasa si uchawi. Kila moja huongeza kazi ya kuandika, maana kila mtu mpya anayeingia lazima aingizwe katika faharasa zote. MongoDB huruhusu zisizozidi 64 kwa kila mkusanyo wa hati, na zinachosha seva mapema kabla ya kufikia hapo. Ukitafuta jina linaloanza na «Kah», faharasa inasaidia vizuri. Ukitafuta jina lenye «hin» katikati, lazima faharasa yote ipitiwe.

Jambo zito zaidi kwa Kivu ni mpangilio. Faharasa ya visanduku viwili, kambi kwanza na jina baadaye, inafaa sana kwa anayeuliza: nani yuko Bulengo? Inamfaa pia anayejua kambi na jina. Anayejua jina peke yake haimsaidii. Watu walipokuwa kambini, kuanza na kambi kulikuwa sahihi, kwa kuwa misaada iligawanywa kambi kwa kambi. Kambi zilipobaki tupu, swali liligeuka. Sasa anayetafuta ana jina, mwaka wa kuzaliwa, labda kijiji cha asili. Orodha iliyopangwa kwa swali la jana inakuwa nzito mbele ya swali la leo, na hali hakuna jina hata moja lililofutwa.

Kupatikana nako kuna hatari

Orodha inayojibu haraka inamjibu yeyote aliyeifikia. Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri zilifutwa na wahalifu waliodai fidia. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamezifikia data za watu zaidi ya 515,000 duniani, wakiwemo waliotengana na familia zao kwa sababu ya vita.

Katika eneo ambako jina na kijiji vinaweza kuonyesha kabila la mtu, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo uamuzi kuhusu kisanduku gani kitafutike, na nani aruhusiwe kutafuta, ni uamuzi wa usalama wa raia. Kuna data ambayo haifai kuwekewa faharasa, na nyingine ambayo haikufaa hata kuulizwa.

Kinachowezekana

Masahihisho mengi hayahitaji pesa nyingi. Mashirika yanaweza kukubaliana juu ya majina ya visanduku kabla ya fomu ya kwanza kwenda uwanjani. Namba ya simu inaweza kupangwa upya inapoingia, si inapotafutwa. MongoDB yenyewe inaweza kuamriwa kukataa hati isiyo na kisanduku cha lazima, na kutotofautisha herufi kubwa na ndogo, alimradi faharasa nayo iandaliwe hivyo.

Kazi ngumu zaidi iko mezani kwa wanaolipa. Ripoti kwa wafadhili huhesabu walioandikishwa, kwa kuwa idadi hiyo ni rahisi kuonyesha. Kipimo kingine kingesema mengi zaidi: wachukuliwe watu ambao wameandikishwa kwa hakika, watafutwe kwa majina yao jinsi wao wenyewe wanavyoyatamka, kisha ihesabiwe ni wangapi waliopatikana. Vijana wanaosoma informatique Goma, Bukavu na Butembo wanaweza kufanya jaribio hilo kwa siku moja. Kwao Cirhuza na Chiruza ni jirani mmoja.